Nyumba Ndani ya Mto Uliofutwa

Palikuwa na nchi, na nchi ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuwa wengi. Waliobaki wote walikuwa wananchi.

Katika nchi hiyo mafuriko ya jangwani yalikatazwa. Sheria iliyoyakataza ilikuwa fupi na nzuri, ilipitishwa asubuhi moja kabla ya chai, na tangu siku ile hakuna mafuriko yaliyotangazwa jangwani. Kila mwaka serikali ililitaja jambo hilo kuwa ushahidi kwamba sheria ikiwa nzuri, hata maji yanaitii. Zamani kulikuwa na mto huko, ukiitwa Kidogori, mto mkavu wa mchanga uliokaa kimya miaka na miaka, kisha alasiri moja ukateremka kutoka milimani na kuondoka na chochote ulichokikuta. Baraza la Mawaziri likaufuta. Ukatolewa kwenye ramani, na mkondo wake mpana, uliolala kati ya kingo mbili kama mkeka uliokwisha kutandikwa, ukapewa jina la Mlimani Salama na kutengwa kwa ajili ya nyumba za wastaafu. Kwa tangazo hilo bonde lilipandishwa cheo likawa mlima, ingawa hakuna aliyekumbuka kuijulisha ardhi.

Mzee Hemedi Lukindo alikuwa amestaafu upigaji tarumbeta katika Bendi ya Polisi, na alikuwa mwoga. Halisemwi hilo kwa kumdhalilisha. Katika nchi ile woga ulikuwa sehemu ya sare, na yeye aliitunza sare yake vizuri.

Maisha yake yote ya kazi alipiga nyimbo mbili tu zenye maana. Wa kwanza ulikuwa Wimbo wa Taifa. Ukisikika huo, kila raia alitakiwa kusimama wima pale pale alipo, mikono ubavuni, mpaka nota ya mwisho. Wa pili uliitwa Anapita, na huo ulikuwa wimbo wa msafara wa Baba Mlezi wa Misimu Yote, ambaye ndiye aliyekuwa na nchi. Ukisikika huo, kila raia alitakiwa kuacha analolifanya, kuichukua bendera ambayo kwa mujibu wa sheria ilining'inia karibu na mlango, na kukimbilia barabara kuu kupunga mpaka Baba apite. Kutoka juu ya lori la bendi Lukindo aliwahi kuona mama akiacha maandazi kwenye mafuta, na kinyozi akimwacha mteja nusu kichwa. Aliwahi kuona hata waombolezaji wakilitua jeneza kando ya njia na kukimbia. Marehemu peke yake ndiye aliyesamehewa.

Basi akastaafu, akarudi kwa mkewe, Bi Mwajabu, akakuta mkewe anakufa.

Alikuwa na pumu. Mji mkuu wa nchi ile ulijengwa juu ya kinamasi, kwa heshima ya babu mmoja wa Baba aliyezaliwa hapo, na ukungu wake uliingia hata kwenye sanduku la nguo. Bi Mwajabu hakuweza tena kupuliza mshumaa ukazimika. Usiku na mchana kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta, na Lukindo, aliyekuwa na pumzi ya kujaza uwanja wa gwaride, alikaa kando yake akiona haya kwa pumzi hiyo. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema mgonjwa apelekwe mahali pakavu kabla ya masika, la sivyo familia ianze kuulizia sanda.

Palikuwa na mahali pamoja tu pakavu ambapo mstaafu wa cheo chake aliruhusiwa kununua nyumba.

*

Ofisi ya Makazi ya Wastaafu ilikuwa na mtu mmoja na kofia mbili. Mtu aliitwa Bwana Fideli Makorere. Akivaa kofia nyeupe alikuwa Muuzaji Mkuu wa Nyumba. Akivaa ya bluu alikuwa Mpimaji Mkuu wa Hatari. Sheria ilimkataza muuzaji kuzungumza na mpimaji kabla ya kipimo, ili pasiwe na upendeleo, na Bwana Makorere aliiheshimu sana sheria hiyo. Kila alipobadilisha kofia alinyamaza kabisa, asije akajishawishi.

Aliwapokea wakati jua liko utosini, akawatembeza katika nyumba nyeupe yenye baraza, akiwa na kofia nyeupe na maneno matamu. Alisema hapa mzee hupumzika, hupumzika tena, na akichoka kupumzika hukaa barazani. Lukindo hakumsikiliza sana. Alikuwa anamsikiliza mkewe. Bi Mwajabu alikuwa amesimama barazani akivuta hewa, na kifua chake kilikuwa kimya. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mumewe ausikie ukimya huo, na machozi yalimlengalenga.

Kisha akainua macho, na yale machozi yakakauka.

Mbele ya nyumba palisimama mgunga. Juu kabisa ya matawi yake, juu kuliko bati la nyumba, palikuwa pamekwama mafungu ya nyasi kavu na matete, yote yakielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Katikati ya nyasi hizo palining'inia kandambili moja ya kijani. Lukindo akauliza, kwa adabu zote za mtu aliyefanya kazi polisi, kile ni nini.

Bwana Makorere alijibu kwamba ni viota vya ndege.

"Na ile kandambili?"

"Mzee wangu, hili ni jangwa. Majani ni machache. Ndege naye anajengea kinachopatikana."

Ndipo ukafika wakati wa kipimo. Bwana Makorere alivua kofia nyeupe, akanyamaza, akavaa ya bluu, na akawaamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Alieleza kwamba taifa lao lilikuwa na kipimo cha hatari ya mafuriko ambacho mataifa mengine yalikionea wivu. Glasi moja ya maji humwagwa kizingitini, na papo hapo Wimbo wa Taifa hupigwa. Maji yakinywewa na ardhi kabla wimbo haujaisha, basi hatari haipo. Glasi ililetwa juu ya kitambaa. Kinasa sauti kikabonyezwa. Wote watatu wakasimama wima.

Maji hayakunywewa. Chini ya ule mchanga mwembamba ardhi ilikuwa ngumu kama sahani. Yalikaa kidogo kama yanayofikiri, yakageuka, yakaanza kutembea. Lukindo, mikono ubavuni, shingo imenyooka, aliyafuata kwa macho tu. Yalipita kati ya viatu vyake, yakafika mlangoni, yakaingia ndani chini ya mlango bila kubisha hodi. Wimbo ulikuwa bado uko ubeti wa pili.

Bwana Makorere alikitazama kizingiti kwa muda, kisha uso wake ukachangamka. Alitangaza kwamba hajapata kuona matokeo mazuri kiasi hicho. Maji yenyewe yameichagua nyumba.

*

Wakati Bwana Makorere anakwenda kuchukua funguo, jirani aliwakaribisha chai. Huyu alikuwa Bi Sikudhani, mjane aliyewahi kuwa mpishi wa gereza, mwanamke wa maneno machache kwa sababu alikotoka maneno mengi yalikuwa yanaongeza kifungo. Lukindo aliisifu nyumba yake ili apate pa kuanzia. Bi Sikudhani alisema ndiyo, nyumba ni nzuri, ni za zamani, zimejengwa kwa mawe. Mipya ni milango. Na wakazi.

Lukindo aliuliza waliokaa kabla yao walikwenda wapi.

Bi Sikudhani alikitazama kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo, katikati ya kijiji, akakoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Walihama," alisema.

"Wakaenda wapi?"

"Chini."

Hakuna aliyemalizia chai. Waliondoka wakapanda njia ya mawe hadi barabarani kungoja usafiri wa kurudi, na hapo Lukindo akaona jambo jingine. Barabara kuu haikupita bondeni palipokuwa tambarare, bali ilikatwa kwa shida juu kabisa ya ukingo, kwenye mwamba. Nyumba za mapumziko za mawaziri nazo zilikuwa huko huko juu, zimepangana. Kibao kilieleza kwamba ziliwekwa pale kwa ajili ya upepo. Akatambua kwamba waliochora makazi yale walijua kila kitu, na akaogopa zaidi kuliko kama wasingejua.

Aliyasema yote kwa mkewe, akiwa ameketi kwenye jiwe. Alimwambia habari ya nyasi, kandambili, maji yaliyotembea, na milango. Alisema kule mjini anaijua hatari, wameizoea, lakini hii itakuja mara moja na haitawaachia hata nafasi ya kuvaa. Bi Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amepanda mwinuko ule kwa kusimama mara kwa mara, lakini aliupanda, na hilo wote wawili walikuwa wameliona.

"Mume wangu," alisema, "mjini nakufa kila siku kidogo. Hapa nitakufa siku moja, kama hiyo siku ikija. Mimi siwezi tena kuchagua, nimechoka kuvuta hewa kwa nguvu. Nichagulie wewe."

Lukindo alipima upande huu, akapima upande ule. Alikuwa mtu wa kuogopa kukosea nota moja katika wimbo wa watu elfu, na sasa alikuwa ameambiwa achague kifo cha mke wake kama mtu anayechagua kanga dukani. Kisha upepo mkavu ukavuma kutoka bondeni, Bi Mwajabu akauvuta wote bila kukohoa, akafumba macho kwa raha.

Wakainunua.

*

Bi Mwajabu alinawiri. Alifagia baraza, alipika, alicheka kwa sauti, akaanza hata kumgombeza mumewe, jambo ambalo kwa miaka lilikuwa limemshinda kwa kukosa pumzi. Lukindo alimshukuru Mungu kwa kila ugomvi. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuvua viatu. Alikula navyo na akalala navyo. Chombo chochote kikianguka jikoni kwa jirani, yeye alikuwa tayari amesimama mlangoni. Kila asubuhi aliitazama milima iliyo mbali, ile iliyokuwa na desturi ya kuutuma mto, na kila jioni alimwomba mkewe wapande pamoja ile njia ya mawe mpaka barabarani bila kusimama, kwa ajili ya afya. Bi Mwajabu alikuwa akifika katikati, anashika kifua, anacheka, na kusema kesho. Lukindo hakucheka.

Alikwenda ofisini kuuliza mtu afanye nini maji yakija. Bwana Makorere, kofia ya bluu, alishtushwa na swali, lakini kwa kuwa alikuwa mtumishi wa umma alijibu. Alisema kwanza kukimbia hakuruhusiwi, kwani mtu anayekimbia kitu kisichokuwepo huwatia wenzake hofu, na hofu ndiyo inayoua. Utaratibu ni huu: kipaza sauti kitapiga Wimbo wa Taifa, kila mkazi atatoka nje, atasimama wima akikitazama kipaza sauti, na kungoja tangazo la Wizara. Tangazo hulazimika kutiwa sahihi na Waziri, na Waziri yuko mji mkuu.

"Na maji nayo yatangoja?" aliuliza Lukindo.

Bwana Makorere alimtazama kwa huruma. Akasema ndiyo maana kuna mazoezi.

Mazoezi yalifanywa kila Ijumaa. Kipaza sauti kikikohoa tu, wazee wote wa Mlimani Salama walitoka kwenye nyumba zao, wakasimama katikati ya mto uliofutwa, wima kama vigingi, waliokuwa wanajeshi, walimu, makarani na wakunga, mvi zao zikipepea. Aliyesimama vizuri kuliko wote alikuwa Jaji mstaafu Kibwana, mzee mrefu asiyeona mbali, ambaye maisha yake yote hakuamini jambo bila mashahidi wawili. Lukindo alisimama nyuma ya mkewe akitetemeka magoti. Siku moja Bwana Makorere alimsimamisha mbele ya wenzake na kumsifu, akisema yule ndiye mzee anayeusikia Wimbo wa Taifa mpaka mifupani.

*

Siku ilipofika, ilifika baada ya chakula cha mchana, jua kali na mbingu tupu.

Milima ya mbali ilikuwa imejifunika mawingu meusi tangu juzi, lakini juu ya Mlimani Salama hapakuwa na wingu la kumfunika hata kuku. Lukindo alikuwa barazani. Aliona punda wa wachuuzi wa chumvi wakiacha kivuli na kupanda ukingoni wenyewe, bila mtu kuwafukuza. Kisha upepo ukaja kutoka juu ya bonde, na ulikuwa wa baridi, na ulinuka tope. Baadaye kidogo akasikia sauti, ya chini, kama malori mengi yanayopanda mlima kwa gia ndogo. Vikombe vilivyokuwa mezani vikaanza kugongana.

Akakimbia. Aligonga mlango wa kwanza, akasema maji yanakuja, na mkazi akauliza kama imetangazwa. Aligonga wa pili, akaulizwa vivyo hivyo. Jaji Kibwana alitoka na fulana, akafinya macho kutazama mbingu, akataka kujua kama kuna shahidi mwingine. Bwana Makorere alitoka ofisini akiwa bado anatafuna, akasikiliza ile sauti ya malori, na uso wake ukabadilika rangi. Alikuwa mtu kama watu wengine, aliogopa. Na mtu wa nchi ile akiogopa sana hufanya kile alichozoeshwa. Alivaa kofia ya bluu, akaingia ndani, akabonyeza.

Kipaza sauti kikapiga Wimbo wa Taifa.

Milango yote ikafunguka. Wazee wakatoka, mmoja mmoja, wengine na vijiko mkononi, wakasimama wima katikati ya mto, wakakitazama kipaza sauti. Hakuna aliyesogea. Macho peke yake ndiyo yaliyozunguka, yakitafuta ile sauti iliyokuwa ikikua nyuma ya muziki. Bi Mwajabu naye alikuwa hapo, upawa mkononi. Na Lukindo, aliyekuwa ameshajua, aliyekuwa amelala na viatu ili siku hii asichelewe, naye alikuwa amesimama. Hilo ndilo lililomtisha kuliko maji. Miguu yake ilikuwa imemkataa. Ilikuwa miguu ya serikali.

Kisha Bi Mwajabu akageuza shingo, kosa ambalo mtu aliweza kufungwa kwalo, na akamtazama mumewe. Alimtazama tu, kama mtu aliyemwachia mwenzake uchaguzi na sasa anasubiri jibu.

Lukindo aliivunja sheria hatua moja, kisha ya pili. Aliingia ndani, akalitoa tarumbeta lake la zamani chini ya kitanda, akatoka. Alijua kwamba akipiga kelele za hatari wazee wale watamsikiliza kwa heshima, wamesimama. Palikuwa na wimbo mmoja tu duniani uliokuwa na nguvu kuliko ule uliokuwa ukipigwa, kwa sababu Wimbo wa Taifa ulikuwa wa nchi, na huu ulikuwa wa mwenye nchi.

Akapiga Anapita.

Haikuchukua hata pumzi mbili. Vijiko vilianguka. Wazee walirudi mbio milangoni, wakachomoa bendera zao, na kijiji kizima kikageuka na kuanza kupanda njia ya mawe kuelekea barabara kuu, kama walivyokimbia maisha yao yote, wakisukumana, mikongojo ikigonga mwamba, kila mmoja akiogopa kuonekana wa mwisho. Bwana Makorere aliwapita wote. Alipofika nusu ya njia aliivua kofia ya bluu, akavaa nyeupe, akaivua, na mwishowe akazitupa zote mbili ili apate mikono ya kushikia mawe.

Lukindo alipanda nyuma yao akipiga. Kila alipokata pumzi aliona miguu ya mbele ikipunguza mwendo, na mara moja, aliponyamaza ili ameze mate, Jaji Kibwana alisimama, akapapasa mfukoni, akageuka. Alikuwa amesahau miwani. Alisema hawezi kumpungia Baba bila kumwona vizuri. Akashuka, kwa utulivu, akipishana na Lukindo, na Lukindo hakuweza kumshika wala kumwambia neno, kwa kuwa mdomo wake ndio uliokuwa umewashikilia wengine wote.

Katikati ya njia Bi Mwajabu alikuwa ameshika kifua.

Pale pale alipokuwa akisimama kila jioni na kusema kesho. Alikuwa ameegemea jiwe, mdomo wazi, na hewa haikuwa ikiingia. Lukindo alifika kando yake. Angeliweka chini tarumbeta angeweza kumbeba. Na angeliweka chini, wale wote walio juu wangesimama na wengine wangeteremka. Alipiga huku akimtazama. Machozi yalimtiririka mpaka ndani ya tarumbeta na sauti ikawa inakwaruza. Nyuma yake ile sauti ya malori ilikuwa imefika milangoni mwa nyumba. Hakuwahi kuogopa hivyo, wala hakudhani kwamba moyo wa mtu unaweza kuogopa hivyo na bado ukaendelea kupiga.

Ndipo Bi Sikudhani alipoteremka kutoka juu, peke yake, bendera ameing'ata kwa meno. Alimshika Bi Mwajabu kwapani kwa mkono uliozoea masufuria ya gereza, akaitoa bendera mdomoni.

"Twende, mwenzangu," alisema. "Anapita."

*

Yalipita. Yalikuja rangi ya kahawa, yamesimama wima kama ukuta, yakiwa na miti mizima ndani yake, yakajaza Mlimani Salama kutoka ukingo hadi ukingo. Wazee walikuwa wamejipanga barabarani, bendera mkononi, na kwa kuwa hawakujua jambo jingine la kufanya na bendera, walipunga. Chini yao ulipita msafara: milango kwanza, kisha vitanda, kisha viti vya barazani vikifuatana kwa utaratibu. Kipaza sauti kiliendelea na Wimbo wa Taifa mpaka nguzo ilipolala. Bi Mwajabu alikuwa ameketi chini, kichwa magotini, na hewa ilikuwa imeanza kuingia tena, kidogo kidogo. Lukindo alilikumbatia tarumbeta mpaka jioni.

Jaji Kibwana hakuonekana tena. Serikali ilisema amehama.

Redio ilitangaza kwamba wastaafu wa Mlimani Salama walijitokeza kwa wingi barabarani kuonyesha mapenzi yao kwa Baba, na kwamba siku hiyo kulikuwa na umande. Lukindo alifikishwa mahakamani kwa kosa la kuwapitishia wananchi kiongozi asiyepita. Hakimu alikiri kwamba hajawahi kukutana na kesi kama ile, akalia kidogo kwa ajili ya wale wazee waliopunga bure, kisha akatoa hukumu. Tarumbeta lilichukuliwa. Mshtakiwa alikatazwa kupuliza chombo chochote, kupiga mluzi, au kuuimba wimbo hata kwa kuguna, maisha yake yote. Midomo yake iliwekwa chini ya uangalizi wa dola.

Nyumba za mawe zilibaki. Zikapakwa chokaa na kutiwa milango mipya. Wakazi walikuwa huru kuondoka, isipokuwa anayeondoka angekuwa anakiri kwamba amekimbia kitu, na kukiri huko kulikuwa na kifungu chake. Lukindo na mkewe walipima tena, mizani ile ile na mawe yale yale. Mjini masika yalikuwa yamekaribia.

Wakabaki.

Basi sasa Lukindo anakaa barazani, viatu miguuni, na midomo imefungwa. Anaogopa kuliko zamani, maana zamani alikuwa na kitu chini ya kitanda. Lakini mahakama ile, pamoja na hekima yake, iliifunga midomo ya mtu mmoja. Haikumfikiria mkewe, mwanamke anayejulikana na daktari wa serikali kuwa hawezi kuzima mshumaa. Kila alasiri Bi Mwajabu huketi karibu na mumewe, huvuta ile hewa kavu mpaka chini kabisa ya mapafu, na kufanya mazoezi ya mluzi. Mwanzoni ulitoka upepo mtupu. Kisha nota tatu na kikohozi. Lukindo humsikiliza kwa makini, akimsahihisha kwa kidole hewani.

Jana Bwana Makorere alikuja na kofia mpya mbili na wanunuzi wapya, mwalimu mstaafu na mkewe. Nyumba ya Jaji Kibwana ilikuwa wazi. Mke wa mwalimu aliuliza kwa nini juu ya ule mgunga kumekwama kofia mbili, moja nyeupe na moja ya bluu. Akaambiwa ndege wa huku ni wazalendo. Kisha glasi ikamwagwa kizingitini, kinasa sauti kikabonyezwa, nao wakasimama wima.

Wakati huo huo, barazani kwake, Bi Mwajabu alifika ubeti wa pili wa Anapita kwa mara ya kwanza bila kukohoa. Ulikuwa mluzi mwembamba, haukuzidi wa ndege. Nyumba ya pili Bi Sikudhani alitokea mlangoni, bendera mkononi, bila kuuliza kitu.

Na Bwana Makorere, Mpimaji Mkuu wa Hatari, akiwa katikati ya Wimbo wa Taifa, mbele ya wanunuzi, uso wake umetulia na mikono iko ubavuni, alishindwa kuuzuia mguu wake wa kulia. Uliinuka wenyewe, ukageuka, ukaelekea njia ya mawe.

Mke wa mwalimu aliutazama ule mguu. Akaitazama njia ya mawe, akautazama mgunga, kisha akamshika mumewe mkono, na Lukindo akaona kwamba mkono ule umetoka ubavuni kabla ya nota ya mwisho.